Wa Kumwambia

Mume wangu alikuwa akiendesha mashine ya kusaga mtaa wa Mazwi, mjini kwetu, na kila aliyewahi kupeleka mahindi yake pale alijua kwamba binti yetu anajua kusoma. Alijua hata kama hakuuliza. Mume wangu alimimina debe la mahindi kwenye mdomo wa mashine, akafunga mfuko wa unga chini, halafu akamgeukia mwenye mahindi na kumwambia kwa sauti ya kushinda mngurumo, "Una habari? Mwanangu amesoma yale maneno ukutani." Ukutani palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni marufuku kusogelea mkanda wa mashine. Wanawake walicheka. Wengine walimwambia asage kwanza, watoto wao wana njaa.

Ilikuwa kweli, na nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea chakula cha mchana, mtoto nimemshika mkono. Baba alipokuwa akila, amekaa juu ya gunia, mtoto alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, akayasoma maneno yale kwa kuvuta silabi moja moja. Shule alikuwa hajaanza. Hakuna aliyemfundisha, nadhani alizidaka silabi kwa mtoto wa jirani aliyekuwa akisoma kwa sauti uani kwao. Baba yake aliacha kutafuna. Akamwambia arudie, naye akarudia. Basi akainuka akaizima mashine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wateja wakiwa wanasubiri, akamwomba arudie mara nyingine ili watu wote wasikie.

Niliona aibu, nikamvuta mtoto tukaondoka. Mimi ni Mfipa, mtoto wa wakulima wa mahindi na ulezi, na nyumbani kwetu mtoto hasifiwi. Mama yangu alikuwa akisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mtu akimwambia mtoto wako amekua, unajibu kwamba anaumwaumwa. Mume wangu alikuwa Msukuma. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga yeye akiwa mdogo, wakateremka bonde la Rukwa wakaanza kulima na kuchunga. Kwake yeye, jambo zuri lisiposemwa kwa sauti lilikuwa kama halijatokea. Sauti yenyewe nilidhani ameipata mashineni, kwa kushinda mwaka hadi mwaka karibu na injini.

Kazi yangu ni kufuma masweta. Huku kwetu juu kuna baridi na upepo usiokoma, na kila shule ina sweta lake na rangi yake, kwa hiyo mashine yangu ya kufuma, iliyopo chumba cha mbele cha nyumba yetu Kizwite, haikai bure. Binti alikulia chini ya mashine hiyo, kwenye mkeka, kati ya mabunda ya uzi. Mchana kutwa aliuliza maswali. Nilimjibu nilipoweza, na niliposhindwa nilimtuma uzi.

Jioni baba yake alirudi kwa baiskeli, nyusi nyeupe kwa unga kama babu. Alinawa uso kwenye beseni uani, na kabla hajajifuta alishauliza.

"Haya. Leo kasema nini?"

"Ameniuliza kwa nini upepo hauonekani."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia aniletee uzi wa bluu."

Alicheka mpaka akainama. Halafu akavuta kigoda. "Hapana, anza mwanzo. Alikuwa amekaa wapi?"

Alitaka vyote. Mtoto alikuwa ameshika nini, aliuliza kabla ya kula au baada, alikubali jibu au alinuna. Nami, ambaye mchana kutwa nisingethubutu kumtajia mtu, nilisema yote, nikikoroga mboga, na nilisema vizuri, kwa sababu tangu alipouliza nilikuwa nikilihifadhi swali lile ili nimpe baba yake jioni. Naye alinipa ya kwake, mteja fulani alisema nini alipoambiwa hiki, mwingine alibisha vipi.

"Shusha sauti," nilimwambia. "Watu wanasikia."

"Wasikie. Nimeiba?"

Binti alianza shule, na mambo yakawa hayohayo kwa ukubwa zaidi. Alishika nafasi ya kwanza, akashika tena. Mwalimu wa darasa la pili alisema anamwita ubaoni mara chache ili wenzake nao wapate nafasi. Baba yake alilichukua neno hilo akaenda nalo mashineni, na kwa wiki nzima halikusagwa debe lisiloambatana nalo.

Alipokuwa darasa la tatu, baba yake alianza kuumwa tumbo. Alidhani ni uchovu. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Siku ya mwisho aliyoongea vizuri alimwuliza binti kama wamefika kwenye mgawanyo mrefu. Binti akasema bado, wako kwenye mfupi. "Mkifika utaniambia," akasema. Mvua za kwanza zilipokuwa zikianza, akafariki.

Ndugu zake walikuja wakamchukua, akazikwa kwao bondeni. Ndipo nilipogombana na mama yake, kama kule kulikuwa kugombana. Nilikuwa nimemwona mara chache tu tangu niolewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye Kiswahili kichache, na siku zote za msiba hakuongea wala hakulia mbele za watu. Alikaa kwenye ngozi ya ng'ombe, uso ukutani. Matanga yalipoanuliwa aliniita.

"Mtoto abaki," alisema. "Baba yake amebaki hapa. Naye abaki."

"Mama, mtoto ana shule."

"Hata hapa shule ipo."

"Ana shule yake," nilisema. Nilijua tu kwamba nikipanda mlima wa kurudi kwetu peke yangu sitafika.

Halafu akageuza uso wake tena ukutani, na hakuniaga. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alitusindikiza hadi kwenye gari akatupatia simu yake tuandike namba. Kwa miaka iliyofuata alinipigia Krismasi na Pasaka, akasema mama anasalimu. Sikuamini kwamba anasalimu.

Binti alirudi shuleni. Walifika kwenye mgawanyo mrefu. Alikuja na daftari akaliweka mapajani mwangu, juu ya sweta nililokuwa nikiliunga mikono, akasema, "Mama, tumefika." Nikamwambia nimeona. Nikamwambia ni vizuri. Kisha akasimama pale kidogo, kama mtu anayesubiri kingine, na mimi sikuwa nacho.

Hakuna aliyenieleza kwamba kufiwa kuna upande huo. Nilijiandaa kwa kitanda, kwa meza, kwa baiskeli iliyoegemea ukuta, na majirani waliniandaa kwa mengine. Lakini hakuna aliyesema kwamba mtoto ataendelea kufanya mambo makubwa, na jioni itafika, na hutakuwa na wa kumwambia. Mzazi ana mtu mmoja tu duniani anayeweza kumsifia mtoto wake bila kumchosha. Wengine wote, hata wanaokupenda, husikiliza mara moja. Ya pili wanakuvumilia.

Nilijaribu. Nilimwambia jirani yangu wa ukuta mmoja, siku binti aliposhinda mashindano ya hesabu ya kata. Jirani akasema hongera, akaingia ndani kwake, na nikakumbuka, nimeshachelewa, kwamba wa kwake alikuwa anarudia darasa. Nilikwenda kijijini nikamwambia mama yangu. "Mshukuru Mungu," alinijibu, akatazama mlangoni kana kwamba kuna mtu anasikiliza, "na usiseme sana." Nikalipeleka kwenye jumuiya yetu ya Alhamisi, kwa sababu pale shukrani inaruhusiwa. Nikasimama baada ya sala nikasema namshukuru Mungu mtoto amekuwa wa kwanza tena. Walipiga makofi matatu, mwenyekiti akasema Mungu aendelee kumwinua, ikafuata ajenda ya nani atafagia kanisa Jumamosi.

Kulikuwa na mama mmoja anayeleta dagaa kutoka Kirando, ambaye hulala mjini anapochelewa gari. Yeye hakuwa na mtoto shule moja na wangu, wala hakunijua vizuri, na siku moja alipokuja kuchukua sweta la mwanawe nilijikuta namweleza habari za binti tangu ukuta wa mashine. Alisikiliza amesimama, ndoo yake tupu kichwani. Nilipomaliza akasema, "Na baba yake anasemaje?" Nikamwambia anafurahi sana.

Mashineni sikupita tena. Kutoka Kizwite kwenda sokoni njia fupi inapita pale, lakini nilizungukia upande wa mikaratusi. Walikuwa wameweka kijana mwingine, mzuri tu, mkimya. Unga tulisagisha kwingine.

Basi akafika darasa la saba, akafanya mtihani, tukasubiri. Matokeo yalipotoka ilikuwa asubuhi ya mawingu, nami nilikuwa katikati ya sweta la kijani. Mwalimu mkuu alipiga simu. Alisema binti amefaulu kwa alama za juu kabisa za shule yao, na kwamba wasichana kama yeye huchaguliwa kwenda shule ya vipaji maalumu, mkoa wa mbali, na yeye haoni kitakachomzuia. Baadaye ikawa hivyohivyo. Nilimshukuru mara nyingi, nikakata simu, nikatoka uani. Binti alikuwa akisugua sufuria kwa majivu.

Nilimwambia. Aliacha kusugua, akabaki amechuchumaa, mikono ya kijivu imening'inia magotini. Hakuruka. Mwishowe aliuliza.

"Baba angesema nini?"

"Angepiga kelele."

"Za namna gani? Mimi nimeanza kusahau."

Hilo ndilo lililonisimamisha. Nilikaza kanga kiunoni, nikaenda katikati ya uwanja, nikajaza kifua hewa kama nilivyokuwa nikimwona yeye akifanya, nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia maishani, "Jamani wa Kizwite, mna habari? Mwanangu amefaulu." Kuku walitawanyika. Jirani wa ukuta mmoja alitoka na mwiko mkononi.

"Kuna nini?"

Nilitaka kusema hakuna kitu. Lakini binti alikuwa ananitazama, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba. Nikamwambia jirani yote, kwa sauti ileile, kwa sababu nilikuwa sijui namna ya kuishusha. Jirani aliweka mwiko juu ya ukuta, akapiga vigelegele virefu, yeye ambaye nilikuwa nikimwogopa kwa jambo hilohilo. Halafu akaja akanishika mabega.

"Angekuwepo yule," alisema, "mtaa huu usingelala leo."

Nilipoingia ndani nililia vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Ni binti aliyesema twende bondeni. Alisema hawezi kwenda mbali vile bila kumuaga bibi yake na bila kupita pale alipolala baba. Nilitafuta sababu, nikasema barabara ya mlimani ina utelezi Desemba, nikasema masweta ya Januari yananisubiri. "Mama," alisema, "wewe unamwogopa bibi." Nikafunga mzigo.

Tulishuka na gari la asubuhi. Ukiteremka ule mlima unavua nguo moja baada ya nyingine. Juu umeacha baridi, chini unakuta joto linalokukalia shingoni, na nyasi ndefu, na ziwa linang'aa kwa mbali kama bati. Tulimkuta mama mkwe amekaa mlangoni, mkubwa wa mifupa kama nilivyomkumbuka, amezeeka, anatikisa kibuyu cha maziwa mapajani. Hakuacha kukitikisa alipotuona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Binti alipiga magoti na kusema, "Mwangaluka, bibi," salamu ya Kisukuma ya asubuhi aliyofundishwa na baba yake. Kibuyu kikasimama. Bibi alimtazama usoni, kisha mikono, kisha tena usoni, akaitikia kwa maneno mengi ambayo hatukuyaelewa. Halafu akanigeukia mimi.

"Ulisema mtoto ana shule."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nionyeshe hiyo shule."

Sikujua nimwonyeshe nini. Shemeji alikuwa ameshafika, akavuta stuli, akaanza kumweleza habari za kuchaguliwa, lakini bibi alimnyamazisha kwa kiganja. Alielekeza kidole ziwani, ambako mawingu yalikuwa yamejikusanya meusi, akamwuliza mjukuu wake, "Ile mvua inatoka wapi?"

Binti alinitazama, nikatikisa kichwa kumwambia ajibu. Akaanza. Alieleza jua linavyoyapasha maji ya ziwa, mvuke unavyopanda bila kuonekana, unavyokutana na baridi ya juu, kule kwetu, ukageuka matone. Alieleza polepole, akichagua maneno mepesi, akionyesha kwa mikono, na pale neno lilipokuwa gumu shemeji alilitia kwa Kisukuma. Bibi alisikiliza kwa makini ya mtu anayenunua ng'ombe. Aliuliza kwa nini basi mwaka mwingine mvua haiji na ziwa lipo. Binti akasema hilo bado hawajafundishwa, lakini atauliza huko anakokwenda.

Mama mkwe aliweka kibuyu chini. Akainuka, akashika mwimo wa mlango, akajaza kifua hewa, akaita. Aliita nyumba za jirani zote, hadi zile za ng'ambo ya zizi, kwa sauti iliyopita juu ya mahindi. Wanawake wakaanza kuja, mmoja na mtoto mgongoni, mwingine na jembe, na yeye akawasimulia kwa Kisukuma, kwa sauti ileile hata walipokuwa wamemkaribia kabisa, akionyesha ziwa, akionyesha mbingu, akimshika mjukuu wake bega na kumsukuma mbele waone vizuri. Nilielewa neno moja moja tu, lakini sikuhitaji maneno. Nilikuwa nimeisikia habari ile ikitolewa hivyohivyo mara nyingi, Mazwi, mashine ikiwa inanguruma. Na hapa hapakuwa na mashine.

Niliwaacha nikaenda nyuma ya nyumba, nikashika boriti ya zizi, nikakaa hapo mpaka mvua ilipoanza.

Usiku ule hatukurudi. Tulikula ugali kwa maziwa ya mgando, na binti aliposinzia kwenye ngozi, mama mkwe alisogea karibu yangu. Aliniuliza mwanawe alikuwa akisema nini kuhusu mtoto huyu. Basi nikamwambia. Nilimwambia ukuta wa rangi nyekundu, na uzi wa bluu, na beseni, na wateja waliochoka. Alicheka kwa kutikisika mwili mzima bila sauti. Kisha naye akanipa ya kwake, kwa Kiswahili chake kilekile kichache. Alisema mwanawe alipokuwa mdogo, ndama akizaliwa popote, alikimbia nyumba hadi nyumba kutangaza, hata ng'ombe akiwa si wao, hata mwenye ng'ombe akiwa bado hajajua. "Tulimpiga," alisema. "Haikusaidia." Mambo ya msiba hakuyataja, wala mimi. Asubuhi alikwenda nasi kaburini, akang'oa majani, na binti alikaa pale peke yake muda aliotaka. Alichomwambia baba yake sijui.

Januari nilimpandisha basi. Nilikuwa nimemfumia sweta, zito, la shingo ya kukunja, kwa uzi mzuri kuliko wote niliokuwa nao. Alilishika, akalinusa, akalirudisha mikononi mwangu taratibu.

"Mama, kule hakuna baridi. Wanasema usiku wanalala na shuka tu."

Nilijua, walikuwa wameshatuambia. Nilikuwa nimefuma tu. Nikalivaa mimi pale stendi, kwa kuwa alfajiri ya kwetu inauma, nikasimama nalo mpaka basi lilipokunja kona.

Sasa yuko kidato cha tatu. Jumapili mchana hutumia simu ya matroni, na foleni ni ndefu, kwa hiyo anaongea haraka. Ananiambia kemia, ananiambia amechaguliwa kuwafundisha wa madarasa ya chini fizikia jioni, na mimi nasema ndiyo, ndiyo, na kabla sijauliza kama anakula vizuri, mwenzake ameshaitaka simu. Nyumba inabaki kimya namna ya Jumapili. Mkeka wa chini ya mashine niliuondoa, nikaurudisha, maana sakafu bila mkeka ilikuwa mbaya zaidi. Kila alama anayopata inanifurahisha, na kila alama inamsogeza mbali nami kidogo, kwenda mahali ambapo nisingemtakia akose kwenda. Wakati mwingine nakaa na sweta la mtoto wa mtu mapajani na kutamani swali lolote, hata la kijinga, nimtume uzi.

Tangu binti aondoke, kila siku saa moja jioni simu yangu huita. Ni namba ya shemeji, lakini anayeongea ni mama mkwe, kwa sauti ambayo lazima niiweke simu mbali na sikio.

"Kuna habari?"

Ikiwepo, nampa yote, na ananiuliza mpaka nakumbuka hata ambayo sikujua nimeyasikia. Isipokuwepo, anakohoa kidogo, ananiuliza hali ya mahindi yetu, kisha ananipa ya mwanawe. Alivyopotea na ng'ombe akarudi anaimba. Alivyokataa kula kuku aliyemfuga. Mume wangu hakuwahi kunisimulia hayo. Nadhani aliona si habari. Nimeishi naye miaka, na bado kuna wiki napata jambo lake jipya, na siku hiyo nafuma polepole.

Likizo ya Juni mwaka huu binti alikuja amenipita urefu. Alishuka kwenye basi anatetemeka, akasema amesahau kwamba dunia ina baridi kama hii, nikamvua kibegi nikamvika lile sweta langu. Kwa siku chache za kwanza sikufanya kazi. Nilimpikia maharage, nikamtazama akila, nikamsikiliza akisoma kwa kunong'ona chumba cha pili. Kisha nikamwambia jambo ambalo nilikuwa nimelifikiria kabla hajaja, kwamba wiki ya pili aende bondeni akakae na bibi yake.

"Wiki nzima?" aliniuliza. "Na wewe?"

"Mimi nina masweta."

Alinitazama kwa macho ya kupima. Hakubisha.

Nilimsindikiza hadi kwenye gari la asubuhi, nikarudi nyumbani, nikafuma mchana kutwa bila kupumzika. Likizo yenyewe ni fupi, na nilikuwa nimeigawa kwa mkono wangu mwenyewe. Mara mbili nilisimama kuchukua simu nimwambie shemeji ampandishe gari la kesho, na mara mbili nikakaa.

Jioni simu iliita kabla ya saa yake.

"Mkwe," alisema mama mkwe, akipaza juu ya mlio wa ng'ombe wanaoingia zizini. "Una habari?"

"Sina, mama. Mtoto si yuko huko kwako?"

"Ndiyo maana nakupigia. Mimi ndiye ninazo. Kaa chini, acha hiyo kazi yako. Unajua leo mwanao kasema nini?"

Nyuma yake nilimsikia binti akicheka, akimwambia aache, bibi, watu wanasikia. Niliizima taa ya mashine, nikavuta kigoda, nikakaa.

"Sijui, mama," nilimwambia. "Niambie."